Mchungaji wa ng'ambo amefika: tumwonyeshe nini?

Jumapili moja katika usharika wetu, huku kwenye miteremko ya Kilimanjaro, mgeni kutoka Ujerumani alinunua mkungu mmoja wa ndizi mara tatu. Ibada ilikuwa imekwisha, watu wametoka nje, na mnada umeanza kama kawaida. Mzee wa kanisa amepanda juu ya benchi, ananadi sadaka zilizoletwa badala ya fedha: mayai kwenye bakuli, kuku aliyefungwa miguu, maparachichi, ndizi. Mgeni alinyoosha mkono kumpungia mtoto, mkono ukahesabiwa. Akalipa, akacheka. Akaambiwa kwamba muungwana hurudisha alichonunua ili kinadiwe tena, akarudisha, akanyoosha tena. Watu walishangilia, simu zikapiga picha.

Mimi nilikuwa katibu wa kamati ya mapokezi, kwa hiyo nilisimama karibu na meza ya mtunza hazina, na pale nikaona jambo ambalo hakuna aliyelipiga picha. Kuna bibi mmoja mjane ambaye huleta mayai sita karibu kila wiki. Siku za kawaida mayai yale hupandishwa bei mpaka yakaipita ya dukani. Mnunuzi huwa kijana wa bodaboda au mwalimu, na mara nyingi huyo huyo humrudishia bibi mawili matatu ya kwenda nayo nyumbani, bila maneno. Siku ile hakuna aliyetaja bei. Macho yote yalikuwa kwa mgeni. Mgeni akatoa elfu kumi, mayai yakaenda, bibi akaondoka na bakuli tupu. Fedha tulizohesabu jioni zilizidi za Jumapili yoyote ya mwaka ule, lakini mnada wenyewe, ule tunaoujua, haukufanyika.

Tangu siku hiyo nimesikia wazee wetu wakigawanyika kila barua ya ugeni inapofika kutoka jimboni. Kuna wanaosema milango iachwe wazi, na kuna waliochoka. Wote wana hoja.

Wanaotaka milango iwe wazi huanza na historia, na historia iko upande wao. Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania liliundwa mwaka 1963 kwa kuunganisha makanisa saba, mengi yakiwa yameoteshwa na wamisionari wa Kijerumani, wa nchi za Skandinavia na wa Marekani. Hapa kwetu Wamisionari wa Leipzig, kutoka Ujerumani, walifika mwaka 1893. Hospitali ya KCMC pale Moshi, iliyofunguliwa mwaka 1971, isingesimama bila marafiki wa ng'ambo. Huko Iringa, Dayosisi yao na sinodi ya Saint Paul kule Minnesota, Marekani, wamekuwa wakitembeleana kwa miongo kadhaa chini ya jina la Kiswahili kabisa, Bega kwa Bega. Anayesema ziara hizi hazina faida aende akawaulize waliosomeshwa au waliotibiwa kwa urafiki huo.

Na si fedha tu. Mwaka 1977 Shirikisho la Kilutheri Ulimwenguni lilifanya mkutano wake mkuu Dar es Salaam, mara ya kwanza katika ardhi ya Afrika. Wageni wale walitamka kwamba kuukataa ubaguzi wa rangi Kusini mwa Afrika ni suala la imani, wala si maoni ya siasa ambayo Mkristo anaweza kuyachukua au kuyaacha. Wakamchagua Askofu Josiah Kibira wa Bukoba kuwa rais, Mwafrika wa kwanza kukalia kiti hicho. Wajumbe wengi waliotoka nchi tajiri walirudi kwao na mzigo ambao hawakuja nao. Hiyo nayo ni faida ya kumkaribisha mgeni, ingawa haionekani kwenye ubao wa matangazo wa usharika.

Waliochoka nao hawabahatishi. Mwaka 1971 Mchungaji John Gatu wa Kanisa la Presbiteri Afrika Mashariki, kule Kenya, alitoa wito uliowashtua wengi: wamisionari na fedha za kutoka nje zisimame kwa muda, ili makanisa ya Afrika yajue yana nguvu gani yenyewe. Mwaka 1974 Mkutano wa Makanisa ya Afrika Yote uliokutana Lusaka ukaubeba wito huo. Neno la Wapresbiteri wenyewe lilikuwa Jitegemea. Nusu karne baadaye, mzee mmoja wa mtaa wetu, ambaye sidhani kama amewahi kulisikia jina la Gatu, aliniambia jambo lile lile akiwa ameshika kikombe cha chai: "Katibu, mgeni akitoa mara moja, watu wangu wanapumzika miezi mitatu."

Ushahidi wake mkubwa ni risala. Msomaji Mtanzania anaijua risala. Mgeni rasmi huketishwa kwenye kiti kilichovishwa kitambaa, kijana mwenye sauti husimama na karatasi, na baada ya aya mbili za kumshukuru Mungu kwa safari njema inakuja orodha: paa la nyumba ya mchungaji, kinanda, vyombo vya matangazo, tangi la maji, pikipiki ya mwinjilisti. Nimeandika risala nne za namna hiyo kwa mkono wangu, kwa hiyo sina wa kumcheka. Ila siku moja nilizisoma zote kwa mkupuo na nikaona haya. Hakuna hata moja iliyomweleza mgeni kwamba ukuta wa kanisa aliloketi ndani yake ulijengwa kwa michango ya kahawa ya babu zetu, wala kwamba kwaya ya akina mama ina mfuko wa kukopeshana ambao haujawahi kukosa hesabu. Tulimweleza tunachokosa, akaondoka akidhani ametujua.

Ndiyo maana nasema ubishi wa aje au asije unakosea mahali pa kuanzia. Shida ninaiona kwenye ratiba, na ratiba tunaiandika sisi. Siku ya kwanza ofisi ya mkuu wa jimbo, ya pili shule, ya tatu zahanati, ya nne kituo cha watoto yatima, ya tano mbuga ya wanyama. Kila kituo kina risala yake na soda yake. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone, nasi tumeamua kupona maana yake ni noti. Wakasema pia mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Ule msemo wa pili kwa mchungaji wa Kizungu tumeufuta kabisa. Hata wiki ya pili bado tunamtandikia kitambaa.

(Tukamficha na mbege pia, pombe yetu ya ndizi, tusije tukamkwaza mtumishi wa Mungu. Kumbe mtu anatoka Bavaria, jimbo la Ujerumani, kule bia ni kama uji wa asubuhi. Alikuja kuiulizia mwenyewe.)

Kilichomfungua yule mgeni, na kutufungua sisi, hakikuwa kwenye ratiba. Jumatano alfajiri alifariki jirani wa nyumba aliyofikia, mzee wa watu, na gari lililokuwa limpeleke mgeni kutazama mradi wa ng'ombe wa maziwa likachukuliwa kufuata jeneza mjini. Mwenyeji wake akamwambia kwa Kiingereza chake cha kuokoteza kwamba leo hakuna safari, leo kuna msiba, twende. Wakaenda kwa miguu.

Alikaa pale tangu saa tatu mpaka giza. Aliona vijana wakichimba kaburi ndani ya kihamba, shamba la ukoo linalozunguka nyumba, kando ya migomba, wakipokezana sururu. Aliona akina mama wapatao thelathini wamekaa chini ya turubai wakimenya ndizi, vidole vimekuwa vyeusi kwa utomvu, mmoja akisimulia jambo la kuchekesha kuhusu marehemu na wengine wakijizuia kucheka kwa sauti. Aliona daftari la rambirambi, jina na kiasi, elfu mbili, elfu tano, debe la mahindi. Akauliza hawa wote wanalipwa na nani. Alipojibiwa akanyamaza. Halafu naye akavua koti akashika kisu. Alimenya vibaya sana, nusu ya ndizi ikabaki kwenye ganda, na ndipo akina mama walipoanza kumwita baba mchungaji badala ya mgeni.

Usiku ule, kwenye mtori, ile supu yetu ya ndizi, mazungumzo yaligeuka. Tulimwuliza kwao mnada unafanyikaje. Akasema kwao hakuna mnada. Idara ya kodi ya serikali ndiyo inayokusanya kwa niaba ya kanisa, na huko Bavaria ni asilimia 8 ya kodi ya mapato ya muumini. Wazee walitazamana. Sadaka inakatwa na serikali? Na asiyetaka? Anajiondoa kwenye orodha, akasema, na wengi wanajiondoa. Kufikia mwaka 2022 waumini wa makanisa makubwa mawili ya Ujerumani, Katoliki na la Kiinjili, walikuwa wamepungua hadi chini ya nusu ya wananchi wote. Mama mwenye nyumba akauliza swali ambalo sisi wanakamati tusingethubutu kuliuliza: "Sasa mtu akifa, nani anamchimbia kaburi?" Kuna kampuni, mgeni akajibu. Mama akarudia neno hilo taratibu, kampuni, kisha akamwongezea mtori.

Kama ningeishia hapa ningekuwa nimempa ushindi yule anayesema tuwaonyeshe wageni maisha halisi, basi. Haiwi rahisi hivyo. Siku ya maziko yenyewe mshereheshaji alimtambulisha mchungaji wa Ujerumani kabla ya kuwatambulisha wakwe wa marehemu. Kuna watu walinuna, na walikuwa na haki. Msiba ule haukuwa darasa la mtu. Ukishaona kwamba mgeni ameguswa na msiba, kishawishi cha kamati ni kuutafutia msiba nafasi kwenye ratiba ijayo, baina ya zahanati na mbuga.

Tena kukaa sana si dawa ya kila kitu. Mmisionari wa Leipzig, Bruno Gutmann, alifika Kilimanjaro mwaka 1902 na kuondoka mara ya mwisho 1938, ukitoa miaka ambayo Wajerumani walifukuzwa baada ya Vita Kuu ya Kwanza. Aliijua lugha, ukoo, ujirani na sheria za Wachagga kuliko mgeni yeyote, akaandika mengi ambayo wajukuu wetu bado wanayasoma kujijua. Lakini mapenzi yake kwa ujirani na rika yalimfanya aitazame miji, fedha na elimu ya kisasa kwa jicho la wasiwasi, wakati vijana wa mlimani walikuwa wakivitaka vitu hivyo hivyo. Alikaa miaka yote hiyo, na bado alituchagulia sura aliyoipenda. Mgeni wa wiki mbili anayetuona maskini tu, na yule wa miongo mitatu anayetuona kama watu wasiopaswa kubadilika, wanakutana mahali fulani.

Suala la picha za watoto nitalipitia haraka, maana halina pande mbili. Mtoto wa shule ya Jumapili asiyevaa viatu si mali ya jarida la usharika wa mtu mwingine. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilianza kutumika Mei 2023, na hata isingekuwepo, mzazi yupo, aulizwe. Kamati yetu sasa inalisema hili uwanja wa ndege, kabla mizigo haijafika kwenye gari.

Linalonikera zaidi ni kwamba njia ya ziara hizi ina upande mmoja mpana na mwingine mwembamba. Mjerumani anaomba visa ya Tanzania akiwa sebuleni kwake, kwa intaneti, dola 50. Mwinjilisti wetu alipoalikwa na usharika rafiki wa Ujerumani, ilimbidi apande basi mpaka Dar es Salaam kutoa alama za vidole, akiwa na barua ya mwaliko, bima na taarifa ya benki ya mtu ambaye posho yake hulipwa kwa kuchelewa. Ada ya visa ile ni euro 90 tangu Juni 2024. Wanaosema ziara hujenga undugu watuambie undugu gani ambao ndugu mmoja anafunguliwa geti na mwingine anahojiwa dirishani.

Hata hivyo alipata, akaenda, siku kumi. Aliporudi tulimkalisha chini atuhadithie. Walimwonyesha kanisa la mawe lenye kinanda cha mabomba, kiwanda cha bia, uwanja wa mpira, shule yenye sola juu ya paa. Kila mahali kahawa na keki. Tukacheka, maana ilikuwa ratiba yetu sisi, iliyopigwa pasi tu. Naye aliona wazi kuwa wenyeji wake walifagia uwanja kabla hajafika.

Siku ya nane alimkumbuka yule mama wa mtori. Akamwambia mwenyeji wake kwamba angependa kuhudhuria maziko, kama yapo, akae nyuma kabisa na asiseme neno. Mwenyeji alikuwa mtu mwema, akapiga simu mahali. Alirudi baada ya dakika chache akiwa ameona aibu kidogo. Maziko yapo kesho saa nne, alisema, lakini familia imeomba wawe wenyewe tu, watu sita.