Fizikia ya kwenye kadi ya michoro ilibaki kuwa pambo

Katika menyu za baadhi ya michezo ya kompyuta iliyotoka kati ya miaka ya 2008 na 2014 kuna mstari wa PhysX, teknolojia ya kukokotoa mwendo na migongano ya vitu mchezoni, unaomtaka mchezaji achague kama hesabu za fizikia zipelekwe kwenye kadi ya michoro au ziachwe kama zilivyo. Wengi huuona, hawauelewi, wanaupita. Wengine huuwasha kwa imani kwamba neno lenyewe, kuongeza kasi, linamaanisha mchezo utakwenda mbio zaidi, kisha wanashangaa fremu, yaani picha zinazochorwa kila sekunde, zinapopungua. Maoni yangu ni kwamba mstari huo unastahili kuwashwa na kila mwenye kadi inayoweza kuuhimili, kwa kuwa michezo hiyo ilitengenezwa ikiwa na vitu ambavyo havionekani bila hiyo. Hata hivyo, yule anayeuwasha afahamu kwamba anaongeza mapambo, na kwamba ulibaki kuwa wa mapambo kwa sababu teknolojia yenyewe ilifungwa ndani ya kadi za kampuni moja, Nvidia.

Tuanze na kazi yenyewe. Mchezo unaokwenda kwa fremu 60 kwa sekunde una takribani milisekunde 16.7 za kukamilisha kila fremu, na ndani ya muda huo prosesa hulazimika kusoma amri za mchezaji, kuendesha akili za maadui, kushughulikia sauti, kuiandalia kadi ya michoro orodha ya vitu vya kuchora, na kukokotoa mwendo wa kila kitu kinachoanguka, kinachogongana au kinachopeperuka. Sanduku kumi zikianguka, prosesa haitaabiki. Kioo kikipasuka vipande elfu, au moshi ukiundwa na makumi elfu ya chembe zinazosukumana na kuzunguka miguu ya mhusika, hesabu huwa nyingi mno kwa viini vichache vya prosesa. Kadi ya michoro, kinyume chake, ina mamia au maelfu ya viini vidogo vinavyofanya hesabu zinazofanana kwa wakati mmoja, na chembe za moshi ni kazi inayoifaa sana kwa kuwa kila chembe hupigiwa hesabu ileile.

Wa kwanza kulijaribu jambo hili kibiashara hawakutumia kadi ya michoro hata kidogo. Kampuni ya Ageia, baada ya kuichukua NovodeX, iliyokuwa imechipuka kutoka chuo kikuu cha ETH cha Zurich, ilitengeneza chipu maalumu ya fizikia peke yake, iliyoitwa PhysX, na mwaka 2006 kadi zenye chipu hiyo zikaingia sokoni zikiwa na megabaiti 128 za kumbukumbu na zikichomekwa kwenye soketi ya PCI. Mnunuzi alitakiwa kulipia kadi ya pili ambayo michezo michache sana iliitumia, na watengenezaji wa michezo hawakuwa na sababu ya kuihangaikia kadi ambayo wachezaji wachache sana walikuwa nayo. Mwezi Februari 2008 Nvidia iliinunua Ageia, na kufikia Agosti mwaka huohuo ilikuwa imetoa draiva, programu inayoiendesha kadi, iliyoziwezesha kadi zake za GeForce kuanzia mfululizo wa 8 kufanya kazi hiyo kupitia CUDA, mfumo wake wa kuendesha hesabu zisizo za picha kwenye kadi ya michoro, ilimradi kadi iwe na angalau viini 32 na megabaiti 256 za kumbukumbu. Watu waliokuwa na kadi hizo tayari waliamka wakiwa na kiongeza kasi cha fizikia bila kununua chochote, na kwa hilo Nvidia inastahili sifa.

Matokeo yalipendeza, na sioni haya kusema kwamba mengine bado yananivutia kuliko michezo mingi mipya. Katika toleo la kompyuta la Mirror's Edge, lililotoka Januari 2009, vitambaa vya plastiki kwenye majengo yanayojengwa hupepea na kuchanika kwa risasi, na vioo huvunjika vipande vinavyosambaa sakafuni. Katika Batman: Arkham Asylum ya mwaka huohuo, karatasi zilizotawanyika ofisini huruka mapigano yanapoanza, na ukungu hugawanyika mhusika anapopita katikati yake. Mafia II ilileta makoti yanayofuata mwendo wa mvaaji na mabaki ya kuta zinazomeguka. Borderlands 2 ilileta vimiminika vinavyotiririka na kujikusanya ardhini. Ukizima PhysX, vitambaa vingi huondolewa kabisa, karatasi hazipo, na ukungu ama hupotea ama hugeuka picha bapa isiyomjali mtu.

Lakini tazama kwa makini orodha hiyo. Hakuna hata kimoja kati ya vitu hivyo kinachobadilisha mwenendo wa mchezo. Karatasi hazimfichi adui, kitambaa hakimzuii mtu kupita, na umajimaji uliojikusanya haulazimishi njia mpya. Aliyezima na aliyewasha humaliza mchezo uleule kwa njia ileile. Linganisha na Half-Life 2 ya mwaka 2004, ambayo kwa injini ya fizikia ya Havok iliyokokotolewa na prosesa pekee ilimpa mchezaji silaha ya kunyanyua na kurusha vitu, na mafumbo yanayotatuliwa kwa uzito na wenzo. Linganisha pia na Red Faction: Guerrilla ya mwaka 2009, ambamo majengo mazima hubomolewa, na ubomoaji ndio shughuli kuu ya mchezo. Fizikia iliyobadilisha uchezaji ilifanyika kwenye prosesa, ambayo kila mtu anayo. Ile ya kwenye kadi ikaachiwa vumbi na nguo.

Sababu moja ya hali hiyo ni ya kiufundi. Hesabu inayobaki ndani ya kadi na kuishia kwenye skrini haina usumbufu, ila matokeo yakitakiwa kurudi kwa prosesa ili mchezo ujue kwamba ukuta umeanguka juu ya adui, data hulazimika kusafiri kurudi na prosesa hulazimika kusubiri, na kusubiri huko hula milisekunde zile chache tulizokwisha kuzihesabu. Sababu hiyo ingeweza kupunguzwa makali kwa ubunifu. Iliyokuwa nzito zaidi ilikuwa ya kibiashara: hakuna studio yenye akili timamu ambayo ingejenga kanuni za mchezo wake juu ya kitu ambacho mwenye kadi ya AMD, mshindani wa Nvidia, hana, na ambacho Xbox 360 na PlayStation 3 hazikuwa nacho kwa namna hiyo. Kitu ambacho sehemu ya wanunuzi hawawezi kukipata hakina budi kuwa cha hiari, na cha hiari katika mchezo ni kile ambacho mchezo unaweza kuendelea bila hicho.

Kwa anayetaka kuwasha, kazi si ngumu. Katika paneli ya Nvidia kuna ukurasa wa kupanga PhysX wenye chaguo la kuiacha draiva iamue yenyewe, la kuitaja kadi fulani, au la kuilazimisha prosesa. Draiva ikiachwa iamue huamua vizuri karibu kila mara, na mimi huigusa sehemu hiyo tu ninapoona mchezo unasuasua bila sababu. Kisha chaguo huwashwa tena ndani ya mchezo wenyewe, kwa sababu paneli peke yake haileti karatasi wala moshi. Kuna michezo ya zamani inayobeba ndani ya folda yake faili za kale za maktaba ya PhysX na kuzitumia badala ya zile zilizosakinishwa kwenye mfumo. Mirror's Edge ni mfano maarufu, ambamo kioo kikivunjika mchezo huweza kukwama kana kwamba kadi haipo, na tiba ni kuzihamisha faili hizo ili mchezo utafute zile mpya.

Unapopima matokeo, usiangalie wastani wa fremu. Viini vilevile vinavyochora ndivyo vinavyokokotoa, kwa hiyo kadi hulemewa pale ambapo mlipuko, moshi na vipande vinajitokeza kwa pamoja, na hapo ndipo mchezaji anapohitaji fremu kuliko wakati mwingine wowote. Wastani mzuri wa dakika tano za kutembea kwenye korido hausemi lolote kuhusu sekunde tatu za mapigano. Pima mapigano, na fremu zikishuka chini ya unachoweza kuvumilia, teremsha kiwango cha PhysX kwanza kabla ya kugusa ubora wa picha. Arkham Asylum, kwa mfano, ina kiwango cha kati ambacho hubakiza vitu vingi vinavyoonekana na kuondoa gharama kubwa.

Kuhusu kadi ya pili iliyotengwa kwa ajili ya fizikia pekee, maoni yangu ni kwamba ilikuwa starehe zaidi kuliko hitaji hata enzi zake. Kadi dhaifu ya zamani iliyounganishwa na kadi kuu yenye nguvu huweza kuichelewesha kadi kuu, ambayo itasubiri majibu ya fizikia kabla ya kukamilisha fremu. Hata hivyo matukio ya mwaka 2025 yalizipa kadi za namna hiyo uhai mpya, kama nitakavyoeleza.

Kabla ya hapo niyataje malalamiko mawili ya kale, kwa kuwa yanasaidia kueleza kwa nini teknolojia hii haikupendwa. Mwaka 2009 Nvidia ilibadilisha draiva zake ili PhysX isifanye kazi kwenye kadi yake ikiwa picha inachorwa na kadi ya kampuni nyingine ndani ya kompyuta hiyohiyo, ikitaja miongoni mwa mengine gharama, uhakiki wa ubora na sababu za kibiashara. Mtu aliyenunua kadi ya Nvidia kwa fedha zake, akaitumia kwa fizikia pekee, alinyang'anywa kazi hiyo kwa sasisho la programu. Hilo sina neno la kulitetea. La pili ni la mwaka 2010, pale David Kanter wa Real World Technologies alipoonyesha kwamba PhysX ikiendeshwa na prosesa ilitumia amri za x87, za kizazi cha kale, badala ya SSE zilizo na kasi zaidi. Wengi walihitimisha kwamba prosesa ilidhoofishwa makusudi ili kadi ionekane bora. Mimi naona uzembe na urithi wa msimbo wa zamani ni maelezo yanayotosha, hasa kwa kuwa toleo la 3 la mwaka 2011 lilirekebisha mengi, ingawa nakiri kwamba kampuni inayouza kadi haikuwa na haraka ya kuisaidia prosesa.

Kisha ikaja mwaka 2025. Kadi za mfululizo wa RTX 50 zilitoka bila uwezo wa kuendesha programu za CUDA za biti 32, muundo wa zamani wa programu za kompyuta, na kwa kuwa karibu michezo yote niliyoitaja ni ya biti 32, PhysX yake iliangukia kwenye prosesa. Kadi mpya kabisa, yenye nguvu mara nyingi kuliko zile za mwaka 2009, ilijikuta ikisuasua mbele ya moshi wa Arkham City na vimiminika vya Borderlands 2, na baadhi ya wachezaji wakaanza kuchomeka kadi za zamani pembeni ya mpya ili zibebe fizikia. Malalamiko yakawa mengi. Mwezi Desemba 2025 Nvidia ilitoa draiva iliyorudisha uwezo huo kwa michezo maalumu, miongoni mwake Mirror's Edge, Mafia II, Borderlands 2, Metro 2033 na Batman: Arkham City. Uamuzi huo ulikuwa mzuri, lakini angalia ulivyotolewa: kwa orodha. Mchezo ambao haumo kwenye orodha umebaki na prosesa, na anayejua mchezo upi umo ni yule anayesoma maelezo ya draiva.

Ndiyo maana naona jambo lenye uzito zaidi kuliko orodha hiyo ni kufunguliwa kwa msimbo. Msimbo wa PhysX ulitolewa kwa leseni huria mwezi Desemba 2018, ila sehemu inayoendeshwa na kadi ilibaki imefungwa hadi mwaka 2025, ilipotolewa nayo. Sasa walau inawezekana kwa mtu asiyeajiriwa na Nvidia kusoma jinsi hesabu hizo zilivyofanywa, na kujaribu kuzihamishia kwenye kadi nyingine, bila kusubiri huruma ya draiva. Kazi hiyo si ndogo, maana michezo ya zamani ilijengwa juu ya matoleo ya awali ya maktaba yanayotofautiana na yaliyofunguliwa.

Michezo ya leo, kwa upande wake, imechukua njia nyingine. Unity hutumia PhysX, lakini kwenye prosesa. Unreal Engine 4 ilifanya vivyo hivyo, na Unreal Engine 5 ikaiacha na kutumia injini yake iitwayo Chaos. Moshi, cheche na vumbi hukokotolewa na kadi kupitia programu ndogo zinazokubalika na kadi ya kampuni yoyote, na kwa sababu hiyo studio huviweka kwa kila mchezaji bila kumuuliza. Anayecheza michezo mipya pekee hana haja ya kuutafuta mstari ule wa PhysX wala kuchagua kadi kwa ajili yake. Mwenye rafu ya michezo ya zamani anayetaka kuiona kama ilivyokusudiwa ana hesabu tofauti: kadi ya mfululizo wa RTX 40 au ya kabla yake bado inaendesha PhysX ya biti 32 bila kutegemea orodha, na iwapo anayo tayari, nisingemshauri aiuze kabla ya kuhakikisha kwamba michezo anayoipenda imo kwenye draiva mpya.