Asaimenti za kukopi majibu: kinachoumiza ni muda unaoyafungua

Semista ikikaribia kuisha vijiwe vya wanachuo hapa Dar vinarudi kwenye ubishi uleule. Wapo wanaosema vijana wa siku hizi hawasolvu kitu, swali la takwimu linapigwa picha, linarushwa ChatGPT, mtu anakopi kwa mwandiko mzuri anakusanya, basi. Wengine wanajibu aisee acheni unafiki, nyie wa zamani mlikuwa mnapitishiana madesa (maswali na majibu ya zamani) ya mwaka jana hosteli na kile kitabu cha majibu cha mwalimu mlikuwa mnakitoa kopi steshenari, kilichobadilika ni spidi tu. Mimi naona wote wana hoja ila wanabishana kama majibu yaonekane au yasionekane, wakati tofauti kubwa iko kwenye unayafungua saa ngapi, kabla hujahangaika au baada.

Nianze na wanaotetea, maana huwa wanasingiziwa uvivu tu. Mtu wa mwaka wa kwanza anakaa kwenye ukumbi wa mamia ya watu, lekcha anaonyesha mfano mmoja wa NPV (thamani ya leo ya faida ya mradi) kwenye slaidi, halafu asaimenti inakuja na kodi, uchakavu wa mashine na mfumuko wa bei humohumo. Kumwambia huyo "komaa tu" ni kumtesa. Mwaka 1985 John Sweller na Graham Cooper walichapisha kazi yao kuhusu aljebra, wakaona wanafunzi waliopewa mifano iliyokwisha kusolviwa wakaisoma walijifunza haraka na kukosea kidogo kwenye maswali yanayofanana, kuliko walioachwa wapambane wenyewe. Maelezo yao ni kwamba anayeanza akili yake yote inaishia kutafuta njia, haibaki nafasi ya kuelewa kwa nini njia ni hiyo. Kwa hiyo ukimkuta dogo ana maswali yaliyokwisha kusolviwa mkononi usikimbilie kumwita mwizi, inawezekana ndiye mwalimu pekee anayempata saa sita usiku kwa bando la jero.

Sasa upande wa pili. Kuna utafiti ulifanyika Uturuki kwa wanafunzi wa sekondari karibu elfu moja, somo la hisabati. Waliopewa GPT-4 ya kawaida, ile inayokupa jibu ukiuliza, walipanda asilimia 48 kwenye mazoezi, lakini ilipoondolewa ukaja mtihani wakafanya vibaya kwa asilimia 17 kuliko ambao hawakuwahi kuigusa. Ukiishia hapo unaweza kusema haya, ifungiwe. Ila kulikuwa na kundi jingine lililopewa GPT iliyotengenezwa itoe vidokezo bila kumaliza swali, hao walipanda zaidi kwenye mazoezi na yale madhara ya kwenye mtihani karibu yote yakapotea. Na huko MIT, kazi iliyotoka 2010 kuhusu asaimenti za fizikia za mtandaoni ilionyesha kukopi kunaongezeka kadiri dedlaini inavyosogea, na wanaokopi sana ni walewale ambao siku za mwanzo hawakuigusa kazi, kisha mtihani ukawaonyesha. Yaani mtu anakopi kwa sababu amechelewa kuanza, na akishachelewa huo mfano uliosolviwa hausomi tena, anauhamisha tu.

Uone mwenyewe kinachopotea pale. Chukua takwimu kidogo, sampuli kumi, umepata t (namba inayopima ukubwa wa tofauti) ya 2.1, unaulizwa kwa uhakika wa asilimia 95 kama tofauti ina maana au ni bahati tu. Mwenye kukopi kutoka swali la mwaka jana lililokuwa na sampuli kubwa anaweka 1.96 kama mpaka, anaona 2.1 imeuvuka, anasema ndiyo ina maana. Aliyeelewa anaenda kwenye jedwali la t mstari wa 9 (kumi toa moja) anakuta mpaka ni 2.262, anasema hapana. Hilo jedwali limetokana na kazi ya William Gosset wa kiwanda cha bia cha Guinness kule Dublin aliyoichapisha 1908, kwa sababu hiihii kwamba sampuli ndogo zinadanganya.

Finansi ndiyo inanikera zaidi, maana hiyo inakufuata mpaka mtaani. Swali la darasani: mkopo wa milioni 5, riba asilimia 18 kwa mwaka, unalipa miezi 12, tafuta rejesho. Kwa riba ya salio linalopungua, yaani inayokatwa kwenye deni lililobaki tu, unachukua asilimia 1.5 kwa mwezi, unaingiza kwenye fomula, rejesho linatoka kama 458,400 na riba yote inakuwa kama laki tano na kidogo. Kwa riba ya flati, yaani inayokatwa kwenye mkopo wote mpaka mwisho, unapiga asilimia 18 ya milioni 5, laki tisa, unajumlisha unagawa kwa 12, unapata 491,667. Tofauti karibu laki nne, na wakopeshaji wote wawili wamekuandikia "18%". Ukiirudisha hiyo flati kwenye hesabu ya salio linalopungua ni karibu asilimia 32 kwa mwaka. Sasa mtu ana digrii ya finansi, swali kama hili alipata tisa kwa kumi kwa sababu alilikopi, anafungua duka la vipodozi Sinza anaenda kusaini mkopo wa kausha damu na hajui hata pa kuuliza. Kalkuleta anayo kwenye simu, alichokosa ni kujua kuna swali hapo.

Wa injinia wao wananiambia mambo ya asaimenti hayana uzito, saiti ndiyo utajifunza. Labda. Lakini boriti ya mita 2 yenye mzigo wa kilonyutoni 20 kwa kila mita, ikiwa imeegemea tu ncha zote mbili momenti kubwa (nguvu ya kuipinda) ni kilonyutoni-mita 10, ikiwa ni balkoni imeshikwa upande mmoja tu momenti inakuwa 40, na nondo kuu zinahama kutoka chini zinaenda juu. Lekcha akibadilisha mchoro tu, mwenye kukopi anaweka fomula ya boriti ya ncha mbili, wL² kugawa kwa 8 (w ni mzigo, L ni urefu), kama kawaida na nondo chini kama kawaida. Mji huu tumeshaona ghorofa likianguka mtaa wa Indira Gandhi 2013 na Kariakoo Novemba 2024, na sisemi hata kidogo kwamba kuna aliyedesa pale, hayo yana sababu zake. Nasema tu siyo fani ya kuanza kujifunza nondo inakaa wapi ukiwa saiti.

Ila lawama zote kumtupia mwanafunzi ni uonevu. Vyuo vingi koziweki (kazi za ndani ya semista) ni 40, UE (mtihani wa mwisho wa semista) ni 60, na asaimenti zinachangia kwenye hiyo 40. Ukitoa maksi kwa karatasi, watu watakuletea karatasi. Grupu la WhatsApp la watu kumi utaona meseji "tuma jina, rejistresheni namba na elfu moja ya kuprinti", mmoja ndiye kasolvu, tisa wametuma buku. Na maswali yenyewe ni ya miaka yote, namba hazijabadilishwa, kila mtu anajua lilipo desa lake.

Wapo wanaopendekeza asaimenti zisiwe na maksi kabisa, mtu afanye kwa faida yake. Sikubali, zikikosa maksi hata yule mmoja wa grupu ataacha, tunajuana. Ninachokiona kinawezekana ni asaimenti ibaki na maksi kidogo, majibu yatolewe wazi baada ya siku tatu nne ili asiyeelewa apate mfano wa kusoma, halafu wiki inayofuata kwizi ya dakika kumi na tano, maswali yaleyale namba na mchoro vimebadilishwa, simu kwenye begi, maksi nyingi zikae huko. Aliyeyasoma yale majibu anapita, aliyeyahamisha anajulikana kabla hajafika kwenye sapu (mtihani wa kurudia) au kudisko (kuondolewa chuo).

Mwenye darasa la watu mia nne atauliza skripti mia nne zitasahihishwa na nani, na ana haki ya kuuliza, wasaidizi ni wachache. Lakini hizo asaimenti mia nne si anazisahihisha sasa hivi, na nyingi ni karatasi ileile inayojirudia na majina tofauti. Aziweke pembeni hizo, atiki tu kwamba imekusanywa, muda huo uende kwenye kwizi.