Magdalena Bay ni wabunifu kweli au ni kiporo cha miaka ya 80?

Kuna watu ukiwatajia Magdalena Bay, wale wawili wa pop kutoka Marekani, wanakwambia hao ni kiporo tu cha miaka ya 80, sinthi (vinanda vya umeme) zilezile na sauti nyembamba inaelea juu, basi. Wengine wanaapa kwamba Imaginal Disk, albamu yao ya pili iliyotoka Agosti 2024, ndo pop kali kuliko zote za miaka hii. Mi nipo na hawa wa pili ila si kwa sababu wanazozitoa wao.

Manake wengi wanasifia stori. Kuna mhusika anaitwa True anachomekewa diski kwenye paji la uso, mwili unaikataa, inabidi ajifunze upya kuwa binadamu. Kwenye kava ni mwimbaji wao mwenyewe, Mica Tenenbaum, anachomekwa hiyo diski, na kava ni kali, sikatai. Lakini sikiliza albamu bila kuangalia video uone kama hiyo stori utaipata. Hupati. Hapo wanaosema ni mapambo tu wana hoja.

Kinachowabeba ni muziki, na hapa lazima ujue walikotoka. Mica na mwenzake Matthew Lewin walianza wakiwa wanafunzi huko Miami na bendi ya prog rock, yani ile rock ya nyimbo ndefu zenye kona nyingi, baadaye ndo wakageukia pop wakawa wanarekodi na kuprodyuzi wenyewe, na zile kona hazijawatoka mpaka leo. Mercurial World, albamu yao ya kwanza ya 2021, inaanza na wimbo unaoitwa The End na kuishia na The Beginning, utani wa watu wa prog kabisa huo. Chukua Tunnel Vision kwenye hii ya pili, inaanza polepole unadhani ni wimbo wa kubembeleza, halafu ngoma na sinthi zinafumuka na unamalizikia mbali kabisa na ulikoanzia. Death & Romance ile piano ya kugongagonga ni disko ya zamani, sawa wameazima, ila inakwenda zaidi ya dakika 5 na inazidi kujaa kadiri inavyosonga. Anayekopi tu hajisumbui hivyo.

Sauti ya Mica sibishani, ni nyembamba na nyimbo 15 mfululizo inaweza kukuchosha. Wimbo wa Image unamsaidia kwa sababu besi ni nzito.

Eti walipanda kwa vituko vya TikTok na tovuti yenye sura ya intaneti ya zamani? Vilisaidia, tena sana, zile video za kujirekodi wenyewe mbele ya kitambaa cha kijani ziliwapa sura yao kabla watu hawajawajua. Ila kituko kinamleta msikilizaji mara moja tu, hakimfanyi akae na albamu ya dakika 50 na ushee mpaka mwisho.

Kama hujawahi kuwasikia anza na Tunnel Vision, kwa spika nzuri, video achana nazo kwanza.