Basi Limekuwa Meli, Mashua Yangu Je?

Yakhe, naambiwa mashua yangu si "ship". Mwenye kuniambia ni mpwa wangu wa kidato cha nne, tena mbele ya wageni nilowakaribisha kwa adabu zote niwavushe Shela, hapa kisiwani Lamu. "Mjomba, hii ni 'boat'. 'Ship' ni kubwa."

Kubwa kiasi gani? Hajui. Ati mwalimu kawaambia "ship" hubeba "boat", "boat" haibebi "ship". Kwa hivyo nikipakia kimtumbwi humu ndani nimepanda cheo? Kimya. Mgeni mmoja, mzee wa Kiingereza, akazidi kuvuruga: nyambizi, lile dude la chuma lizamalo na watu tele tumboni, wanamaji wa kwao huliita "boat". Na zamani, asema, "ship" kamili sharti iwe na milingoti mitatu na matanga ya mraba. Mimi mlingoti mmoja, tanga la pembe tatu. Nimefelishwa mtihani nisioufanya.

Watu wenye kuchambua hivyo, mbona jahazi, mashua, dau, hata mtepe wa kale ulioshonwa kwa kamba, vyote kwao ni "dhow"? Sisi chombo twakijua kwa omo na tezi yake, mbele na nyuma, kingali mbali kule kwenye mkondo wa Mkanda.

Meli naijua. Mei 2021, bandari mpya ya Lamu kule Kililana ilipofunguliwa, ilifunga gati MV Cap Carmel, ya makontena. Ile sibishani nayo. Mkikutana, wewe ndiye wa kuamkia kwanza.

Sasa sikia kilichonichoma. Huyu huyu mpwa kaagiza viatu Nairobi kwa simu. Akaja kunionyesha ujumbe: mzigo wako umekuwa "shipped". Na ada ya "shipping" kalipa! Viatu vimepanda basi, vikapita Malindi, Garsen, Witu, vikashushwa Mokowe, bara, vimejaa vumbi. Basi, lenye magurudumu na utingo mlangoni, limepewa heshima ya meli. Chombo pekee kilichovilowesha maji ya chumvi, Mokowe mpaka Amu, yaani mji wa Lamu, ni changu, nacho ni "boat" tu!

Viatu ninavyo, nimevikalia. Kaja kuviulizia tangu asubuhi. Nimemwambia, mwanangu, mzigo wako waja kwa "ship", nenda Kililana ukaungoje.