Bonde la paa: risasi au faiba?

Paa la vigae ni nadra kuvuja katikati. Huvuja penye maungio, na ungio linalosumbua kuliko yote ni bonde, pale miteremko miwili inapokutana na maji ya pande zote mbili kushukia njia moja. Mafundi wengi wa kwetu huliita vale na kulitandikia bati lililokunjwa. Uingereza wamezoea kuweka risasi, madini yale yale yaliyomo kwenye betri ya gari, ila huku yamelazwa kuwa shiti. Siku hizi risasi imepata mpinzani: bonde la faiba, yaani nyuzi za kioo zilizogandishwa kwa plastiki, linalotoka kiwandani likiwa limeshakunjwa.

Wanaotetea risasi wana hoja nzito. Shiti hiyo ni laini, fundi huifinyanga kwa nyundo ya mbao mpaka ikakaa hata kwenye kona ambayo miteremko yake hailingani. Ikiwekwa vizuri humzika aliyeiweka. Ikichakaa huyeyushwa na kutumika tena, maana huyeyuka kwa nyuzi 327 tu za Selsiasi.

Lakini ulaini huo huo ndio unaoiponza. Risasi hutanuka sana kwenye jua: kipande cha mita 3, joto likipanda nyuzi 50, huongezeka urefu kwa zaidi ya milimita 4. Kikipigiliwa misumari pande zote hakina pa kwenda, hivyo hujikunja mchana na kunyooka usiku, mpaka kipasuke kama waya uliopindwa huku na huku. Ndiyo maana vipande vya mabondeni havitakiwi kuzidi mita 1.5. Hupangwa kuanzia chini kwenda juu, kila kimoja kikipigiliwa kichwani tu kwa misumari ya shaba, na cha juu yake kikifunika misumari hiyo.

Hapo kwenye kufunikana ndipo wengi wanapoteleza. Kanuni inataka vipande vilaliane kiasi cha kupata kimo cha milimita 75 kwenda juu wima. Kwenye mteremko wa nyuzi 30 hiyo ni sawa na milimita 150 za shiti. Sasa, bonde limelala kuliko paa lenyewe: pande mbili za nyuzi 30 zikikutana kwenye kona ya mraba, bonde lina nyuzi 22 tu, na milimita 150 zako zinatakiwa ziwe 200 hivi. Fundi aliyepima paa akasahau kupima bonde atasema risasi ni mbovu. Mwenye nyumba naye atamwamini.

Faiba haina hesabu hizo zote. Ni nyepesi (mita moja ya mraba ya risasi nyembamba inayoruhusiwa mabondeni, milimita 1.8, ina kilo 20), na mwizi hana haja nayo, wakati makanisa ya Uingereza yamevuliwa mapaa yao usiku kwa ajili ya soko la vyuma chakavu. Lakini haifinyangiki. Miteremko isipolingana hukaa kwa kulazimishwa, na ikikanyagwa vibaya hupata ufa ambao hutauona mpaka dari ianze kuchora ramani.

Halafu kuna sumu. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi mwilini kinachojulikana kuwa salama. Kanisa kuu la Notre-Dame, Paris, lilipoungua Aprili 2019, mamia ya tani za risasi zilikuwa juu yake, na vumbi lake likazua hofu kwa shule za jirani. Hata hivyo paa lilirudishwa kwa risasi, na wapo waliopinga.

Mimi kwa jengo la kale la Uingereza, ambako maji ya paa huishia kwenye mtaro, ningeirudisha risasi bila kusita, mradi anayeiweka ajue kukata vipande vifupi. Nyumba mpya ya miteremko inayolingana, faiba inatosha. Ila kwa nyumba yenye gata linaloingia tangini, na watoto wakachota humo maji ya kunywa, kama zilivyo nyingi kuanzia Lamu hadi Mtwara, sitaki kusikia habari ya risasi, hata kama fundi wake ni bingwa. Hapo lete bati zito, lisilopakwa rangi yenye risasi, na ulikunje kingo zake juu ili maji ya upande mmoja yasirukie chini ya vigae vya upande wa pili.