Mtoto wa Kaliua na kitabu cha darasa la pili: kazi ya shule au ya kijiji?

Mwanafunzi wa darasa la tatu akikusomea ukurasa mzima wa kitabu cha darasa la pili bila kukwama, usimpigie makofi kwanza. Weka kidole katikati ya aya, mwambie aanzie hapo. Katika shule za vijijini mkoani Tabora, hapo ndipo utakapojua kama anasoma au amekariri. Wapo watakaoendelea bila shida. Wapo pia watakaorudi juu kabisa ya ukurasa na kuanza upya, kwa sauti ileile ya kuimba, mpaka wafike ulipoweka kidole, maana yale maandishi yenyewe hayawaambii kitu.

Hilo halina ubishi tena. Tangu Uwezo, mpango uliokuwa chini ya shirika la Twaweza, ulipoanza kupita nyumba kwa nyumba mwanzoni mwa miaka ya 2010 ukiwapima watoto kwa maswali ya kiwango cha darasa la pili, nchi imekubali kwamba mtoto anaweza kuhudhuria shule miaka mingi bila kushika KKK, yaani kusoma, kuandika na kuhesabu. Ubishi uliobaki ni wa nani abebe kazi ya kumtoa hapo alipo. Wapo wanaosema ni jamii: wazazi, kamati ya shule, vijana wa kujitolea, vikundi vya kusoma jioni. Wapo wanaosema ni kazi ya mwalimu aliyeisomea na anayelipwa mshahara, na kwamba kila unapomsogezea mwananchi unaisamehe serikali deni lake.

Hoja ya jamii ina nguvu kuliko watu wa mjini wanavyodhani, hasa huku kwetu. Ukanda huu wa Unyamwezi na Usukuma ndio uliozaa Sungusungu mwanzoni mwa miaka ya 1980. Vijiji vilichoshwa na wezi wa ng'ombe, vikajipanga vyenyewe, vikachagua viongozi na kuweka zamu za lindo, bila semina wala posho ya mfadhili. Anayesema watu wa vijijini hawawezi kusimamia jambo bila kushikwa mkono hajaufuatilia mkoa huu. Kisha kuna historia ya kisomo cha watu wazima. Kwa takwimu za serikali, wasiojua kusoma na kuandika walikuwa takriban asilimia 67 mwaka 1967, na kufikia 1986 walikuwa chini ya asilimia 10. Wengi waliofundisha hawakutoka vyuo vya ualimu. Walikuwa wahitimu wa darasa la saba wakifundisha chini ya miti na kwenye ofisi za kijiji. Kwamba wanafunzi wao wengi walisahau baadaye, kwa kukosa cha kusoma, ni kweli pia, na watetezi wa jamii huliruka jambo hilo haraka.

Kiswahili nacho kinarahisisha. Kinaandikwa kama kinavyotamkwa, kwa hiyo mtu mzima anayezijua silabi zake anaweza kumsaidia mtoto na ba, be, bi, bo, bu bila cheti cha mtu yeyote.

Ila kuna mlango wa kuingilia Kiswahili chenyewe, na hapo ndipo naona jamii inahitajika kuliko mahali pengine popote. Mchukue mtoto wa mfugaji au mkulima wa ndani ndani huko Kaliua, ambaye nyumbani wanaongea Kisukuma au Kinyamwezi tangu alfajiri. Siku ya kwanza darasani anakutana na mambo mawili kwa mpigo: lugha ambayo hajaizoea na herufi ambazo hajawahi kuziona. Mwalimu anachora kuku ubaoni na kuandika "ku-ku". Mwenzake wa Tabora mjini anaunganisha sauti na neno analolijua tangu akiwa mdogo. Huyu wa kijijini anaunganisha sauti na sauti nyingine tu, na kwa kuwa ana akili, anafanya jambo la maana analoliweza: anakariri. Baada ya miezi michache tunamwita mzito, ilhali kukariri kwake kungeweza kuwashinda wengi wetu.

Mpango wa EQUIP-Tanzania, uliofadhiliwa na Uingereza na kufanya kazi katika mikoa kadhaa ikiwemo Tabora na Kigoma tangu 2014 hadi 2020, uliligusa tatizo hilo. Katika vijiji ambavyo watoto hawakupata elimu ya awali, mwanajamii alipewa mafunzo mafupi na vitabu vya hadithi, akakaa na watoto kwa wiki kadhaa kabla hawajaanza darasa la kwanza. Hadithi, nyimbo, michezo. Mtu anayeijua lugha ya nyumbani kwa mtoto na kumvusha taratibu kwenda Kiswahili anafanya kazi ambayo mwalimu aliyepangiwa kutoka mkoa wa mbali haiwezi hata kama ana shahada. Mfadhili alipoondoka, kazi hiyo ilihitaji mwenyewe mpya. Mpango wa Shule Bora uliofuata, nao kwa fedha za Uingereza, umekwenda mikoa tisa. Kigoma imo, Tabora haimo. Ndivyo ramani za wafadhili zilivyo.

Sasa upande wa pili. Wanaoitilia shaka jamii wana ushahidi ambao hauwezi kupuuzwa, na ulio mzuri zaidi umetoka India. Katika wilaya ya Jaunpur, jimbo la Uttar Pradesh, watafiti walijaribu njia tatu katika vijiji 280, na matokeo yakachapishwa mwaka 2010. Vijiji vingine viliitiwa mikutano na kuelezwa haki zao na wajibu wa kamati zao za elimu. Vingine viliongezewa kujifunza namna ya kuwapima watoto wao wenyewe kusoma. Vya tatu vilipata hayo yote, na juu yake vijana wa kujitolea wakafundishwa kuendesha vipindi vya kusoma baada ya shule. Mikutano haikubadilisha kitu. Kuwapima watoto hakukubadilisha kitu. Vipindi vya kusoma vilifanya kazi sana kwa watoto waliohudhuria, lakini waliohudhuria walikuwa wachache, na wengi wa wale wasiojua kusoma kabisa hawakufika. Jirani hapa Kenya, watafiti walioufuatilia Uwezo hawakuona wazazi waliopewa matokeo ya watoto wao wakichukua hatua zaidi kuliko wasiopewa.

Yeyote aliyewahi kukaa kwenye mkutano wa wazazi kijijini hatashangaa. Ajenda ni madawati, choo, mahindi ya uji, utoro. Mwalimu mkuu akisema watoto kadhaa wa darasa la tatu hawajui kusoma, kimya kinaingia, kisha mzazi mmoja anasema, "Mwalimu, sisi tumeleta matofali." Hana dharau. Anaeleza anachoelewa kuwa ni sehemu yake. Kusoma ni kwa mwalimu. Mzazi ambaye hakumaliza la nne atamfundisha nini mtoto?

Elimu bila ada nayo ilivuruga mgawanyo wa kazi uliokuwepo. Kuanzia Januari 2016 ada na michango vilifutwa, na Januari 2018 Rais Magufuli akapiga marufuku walimu kuchangisha wazazi. Sababu zilikuwa za haki, maana watoto walikuwa wakirudishwa nyumbani kwa deni la shilingi elfu mbili, na mtoto anayerudishwa hajifunzi. Lakini kamati nyingi za shule zilielewa kwamba kukutana na wazazi ni hatari, na wazazi wengi wakaelewa kwamba mtoto sasa ni wa serikali. Ruzuku nayo ni shilingi 10,000 kwa mwanafunzi wa msingi kwa mwaka, na katika hizo 6,000 ndizo zinazokwenda shuleni, nyingine zikibaki kwa ajili ya vitabu. Shule ya watoto 400 inapata milioni mbili na laki nne kwa mwaka, yaani laki mbili kwa mwezi za chaki, karatasi, mitihani na bati lililong'olewa na upepo. Hapo hakuna fedha ya mtu wa kusoma na watoto jioni.

Je, shule yenyewe inaiweza kazi hii? Kwa hali ilivyo, nusu nusu. Darasa la kwanza na la pili ndiyo madarasa yanayojaa kuliko yote, na mara nyingi hupewa mwalimu ambaye hakupata darasa lingine, kwa sababu mwalimu mkuu anapimwa kwa mtihani wa la nne na la saba. Mtaala wa 2015 ulifanya la maana kuyaachia madarasa haya mawili nafasi kubwa ya KKK, na mafunzo ya walimu kazini, MEWAKA, yanawakutanisha walimu shuleni kwao badala ya kuwasafirisha kwenda semina mjini. Bado, mwalimu mmoja mbele ya watoto mia moja na ushee, wengine wamekaa sakafuni, anafundisha wale wa mbele. Fedha peke yake haiponyi hilo. Jaribio la KiuFunza la mwaka 2013 na 2014, katika shule 350 za wilaya kumi nchini, lilionyesha kwamba kupeleka ruzuku shuleni bila kitu kingine hakukuinua kujifunza. Ruzuku ilipoambatana na motisha kwa walimu, kulingana na watoto wangapi wameweza, ndipo alama zilipopanda.

Na India haikuishia Jaunpur. Kazi ileile ya vijana wa kujitolea iliingizwa baadaye ndani ya shule za serikali katika jimbo la Haryana: saa moja kila siku, watoto wakigawanywa kwa wanachokiweza na si kwa darasa lao, walimu wakisimamiwa na waratibu ambao kwanza walifundisha wenyewe hivyohivyo. Kusoma kulipanda; hesabu hazikupanda, jambo ambalo wanaoisifu njia hiyo hulitaja kwa sauti ndogo. Mahali ambapo walimu walipewa mafunzo na vitabu tu, bila ile saa na bila msimamizi, mambo yalibaki vilevile. Nikiangalia Maafisa Elimu Kata wetu na pikipiki zao, najiuliza ni wangapi wamewahi kukaa na watoto kumi wasiojua silabi na kuwafundisha kwa mwezi mmoja kabla ya kuja kukagua azimio la kazi la mwalimu.

Kwa hiyo nikilazimika kuchagua, kazi ya kufundisha herufi naipa shule, ndani ya ratiba, kwa mtu anayelipwa. Kijana wa kujitolea ni mzuri kwa msimu mmoja. Wa pili ameoa, wa tatu amekwenda Mpanda kutafuta maisha, na hakuna wa kumlaumu.

Kinachobaki kwa kijiji si kidogo, na shule haikiwezi kamwe: saa za mtoto. Huku kwetu saa za mtoto zinaamuliwa na tumbaku. Muhula wa kwanza unaanza Januari na kuishia Juni mwanzoni, na ndani ya miezi hiyohiyo tumbaku inavunwa, inatungwa na kukaushwa mabanini. Familia nzima za Urambo, Kaliua na Sikonge huhamia kwenye mashamba ya mbali. Mtoto wa darasa la kwanza havuni. Anabaki na mdogo wake kivulini, au anafuata tu kwa sababu nyumbani hakuna wa kumwachia. Wakati huo mwalimu yuko kwenye sauti za herufi. Mtoto anaporudi darasani wenzake wako kwenye maneno, na mtaala haurudi kumchukua.

Shule shikizi, yaani matawi ya shule mama, zimesogeza darasa karibu na baadhi ya mashamba hayo. Fedha za UVIKO-19 za mwaka 2021 pekee zilijenga madarasa 3,000 ya vituo shikizi nchini. Nafasi nyingine ni kalenda. Kama mwalimu mkuu na serikali ya kijiji wangekaa Oktoba, kabla miche haijatoka kitaluni, wakajua kila kaya inayohama na mtoto gani ataachwa kwa nani, kazi kubwa ingekuwa imefanyika bila mradi. Vyama vya msingi vya tumbaku vinamjua kila mkulima kwa jina, shamba lake na mbolea aliyokopeshwa. Sioni kwa nini vishindwe kujua watoto wake.

Yule mwanajamii wa kuwavusha watoto kutoka Kisukuma kwenda Kiswahili naye asiwe wa kujitolea. Alipwe. Tangu marekebisho ya sheria ya mwaka 2017 halmashauri inaruhusiwa kutoza ushuru hadi asilimia 3 ya thamani ya mazao ya biashara, na halmashauri zetu za tumbaku zinajua vizuri fedha hiyo inaingia lini. Najua jibu litakuwa kwamba mapato ya ndani yamekwisha kugawanywa: asilimia kumi ya mikopo, miradi ya maendeleo, mafuta ya magari. Sawa. Madiwani watuonyeshe basi ni kifungu gani cha bajeti kinacholipia miezi miwili ya mtoto wa miaka sita kabla hajaingia darasa la kwanza, na kama hakipo, waseme hivyo mbele ya mkutano wa kijiji uleule unaodaiwa matofali.