Dizeli Iliyowaka Kabla ya Sindano

Watu wakisikia tunapima halijoto ambayo kimiminika hujiwasha chenyewe, bila kiberiti wala cheche, hudhani tunashinda tukilipua vitu. Kumbe sehemu kubwa ya kazi ni kukaa gizani mkikodolea macho kioo.

Chupa yenyewe ni ya duara, shingo fupi, mililita 500, imezama ndani ya tanuru la umeme. Inavishwa karatasi ya alumini, upande unaong'aa ukitazama ndani, ili joto lienee sawasawa. Themokapo tatu, yaani nyaya za kupimia joto, zinagusa ukuta wake juu, katikati na chini. Ya nne inaning'inia ndani, penye hewa. Juu ya mdomo kuna kioo cha kujitazamia kilichoinamishwa, kwa sababu anayechungulia chupani moja kwa moja hurudi nyumbani bila nyusi.

Siku hiyo sampuli ilikuwa dizeli. Wengi hawaamini kwamba petroli, hiyo inayodaka kiberiti hata kwenye baridi, huhitaji joto kubwa kuliko dizeli ili ijiwashe. Molekuli ndefu zilizonyooka za dizeli huvunjika mapema zikikutana na hewa ya moto, ndiyo maana injini yake haina plagi za cheche. Mzee wetu, mkuu wa zamu, alikaa kwenye kioo. Mimi nilikuwa sindano, saa na daftari: taa zimezimwa, choma mililita 0.1 kwa mkupuo mmoja katikati ya chupa, toa mkono haraka, bonyeza saa.

Kwenye nyuzi 240 ulitoka mwali wa njano, "bwof!", na themokapo ya ndani ikaruka zaidi ya nyuzi 200. Safi kabisa. Unapuliza hewa ya moto kufukuza moshi, maana mabaki yakibaki yanaharibu jaribio linalofuata, kisha unashusha joto na kurudia. Karibu na mpaka wa kuwaka na kutowaka unatakiwa kushuka nyuzi 3 kwa 3, lakini kwanza tulikuwa tunautafuta mpaka wenyewe.

Chini ya hapo huja kitu cha kuudhi kiitwacho mwali baridi: wingu hafifu la bluu ambalo taa ikiwaka hulioni, na joto hupanda kidogo tu. Huandikwa peke yake; hauhesabiwi kuwa kujiwasha.

"Bluu!" akasema Mzee.

"Naandika, Mzee."

Nyuzi 190. "Bluu!" Nyuzi 180. "Bluu tena, kijana, andika!" Themokapo ya ndani imelala fofofo. Mzee akasema imezeeka. Nyuzi 160, bluu. Kwa daftari lile, dizeli ingemeta kwenye karai la maandazi.

Kilichonitia shaka zaidi ni saa. Joto likishuka, muda kati ya sindano na mwali lazima urefuke: kutoka sekunde chache hadi dakika nzima na zaidi, na ndiyo sababu huruhusiwi kuandika "haikuwaka" kabla ya dakika 10 kwisha. Mwali wa Mzee haukujua habari hizo. Ulikuja kwa sekunde zilezile, joto liwe lolote.

Nyuzi 150. Nikazima taa, nikanyonya sampuli, nikainua mkono.

"Bluu!"

"Mzee, sijachoma bado."

Kimya. Kisha, kwa sauti ya chini: "Lakini imewaka."

Nikamgeukia. Kwenye sikio lake la kulia kile kifaa cha simu kisicho na waya kilimeta bluu, kikazima, kikameta tena. Mwanga ulikwenda kwenye kioo, ukashuka chupani, ukagonga alumini inayong'aa kwenye kitako cha duara, ukarudi njia ileile hadi machoni pake, mpana na hafifu, kama vile kitabu kinavyoeleza mwali baridi.

Akakivua akakitia mfukoni. Tukachoma sindano, tukakaa dakika 10 nzima. Giza tupu.

Ikabaki daftari. Maabara haifuti: unapiga mstari mmoja juu ya kosa, unaandika sababu, unatia saini. Mzee akashika kalamu, akaganda.

"Sababu tuweke nini?"

"Mwanga wa nje, Mzee."

"Nje wapi? Madirisha yote tumeziba."

"Nje ya chupa."

Akaandika, akatia saini, akaniambia nipandishe tanuru hadi 220.